Maikrofoni 16 kwa Darasa Moja

Wageni wanaofika kuitazama studio ya sauti ya chuo chetu hapa Morogoro huuliza, karibu wote, swali moja: darasa moja la watoto 45 lina haja gani na maikrofoni 16? Swali hilo ni la haki. Lilikwisha kuulizwa na kamati ya fedha ya chuo kabla ya wageni, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa fedha zilizokuwa zikijadiliwa zingeweza kununua madawati. Makala haya yanakusudia kulijibu. Tutaeleza namna tulivyozipanua njia za sauti za studio yetu kutoka 2 hadi 16, mambo ya ufundi ambayo mwalimu hana budi kuyafahamu kabla ya kuagiza chombo chochote, na jambo tulilolisikia ambalo pasipo upanuzi huo lisingesikika kamwe.

Yafaa kwanza ieleweke nini maana ya njia ya sauti, au chaneli, kama mafundi waitavyo. Wakulima wa Mgeta, nyuma ya mgongo wa milima ya Uluguru, hupitisha maji ya vijito katika mifereji mpaka kwenye matuta ya kabichi na viazi. Maadamu kila mfereji una ukingo wake, mkulima aweza kuufunga huu na kuufungua ule. Lakini mifereji miwili ikishamwaga maji katika dimbwi moja, hakuna mtu awezaye kurudi akasema maji haya yalitoka huku na yale yalitoka kule. Chaneli ni mfereji wa namna hiyo. Kila maikrofoni ikiwa na chaneli yake, sauti yake hubaki peke yake mpaka atakapotaka msikilizaji kuichanganya. Maikrofoni 5 zikimwagwa katika chaneli moja, zimekwisha kuwa dimbwi.

Mji wetu unao ushahidi mzuri wa jambo hili. Hapa ndipo ilipozaliwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, na hapa ndipo alipopigia Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Nyimbo nyingi za bendi za enzi hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wakipiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mchanganyiko ukiingia kwenye utepe papo hapo. Ni kazi za kupendeza sana, na hatuoni kwamba zimepungukiwa chochote kwa msikilizaji anayetaka kustarehe. Lakini mwalimu wa muziki anayetaka wanafunzi wake wasikie gitaa la pili peke yake, wapate kujua linajibizana vipi na la kwanza, hana njia. Wala hilo halikuwa la Afrika peke yake. Les Paul wa Marekani alipata mashine ya chaneli 8 kutoka kampuni ya Ampex mwaka 1957, ikawa ajabu. Na kundi la The Beatles, pamoja na utajiri wake wote, lilirekodi albamu yake ya Sgt. Pepper mwaka 1967 kwa mashine za chaneli 4. Chaneli zilikuwa kitu cha ghali, nazo ziligawiwa kwa yule aliyedhaniwa kuwa muhimu.

Sasa tuyalete hayo darasani.

Mazoezi ya kufundisha vipindi vifupi mbele ya chombo cha kurekodi yalianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, kisha yakaenea katika vyuo vya ualimu duniani. Mwanachuo hufundisha, hurekodiwa, hujisikiliza, hukosolewa, hufundisha tena. Ni mbinu njema, nasi tunaitumia. Lakini msomaji na akumbuke mahali kinaposimama kinasa sauti katika vyuo vyetu vingi: juu ya meza ya mwalimu. Kinachonaswa hapo ni sauti ya mwalimu, ikiwa safi na ya karibu. Majibu ya watoto wa mistari miwili ya mbele. Na nyuma yake mvumo kama wa nyuki, ambao ndio darasa lenyewe. Kwa hiyo tathmini yote huwa ni ya usemaji wa mwalimu. Je, sauti yake ilitosha? Je, maswali yake yalikuwa wazi? Je, aligawa muda vizuri? Mambo hayo yana uzito. Hata hivyo mtaala tulionao unamtaka mwalimu aongoze majadiliano ya vikundi, na majadiliano ya vikundi hufanyika mbali na meza yake.

Hata redio ya elimu ya watu wazima ilikuwa na umbo hilo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote kusikiliza vipindi na kisha kujadiliana. Sauti iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa moja, nayo ilifika mbali kuliko sauti yoyote ya mwalimu kabla yake. Lakini kazi kubwa ilikuwa ikifanyika baada ya redio kuzimwa, katika vikundi vilivyokaa chini ya miti, na mazungumzo yale hayakuwa na maikrofoni. Vyoo vilichimbwa, mazalia ya mbu yakafukiwa, hayo twayajua; maneno yaliyowafanya watu wachukue majembe tumeyakosa.

Studio yetu ilianza na kinasa sauti kidogo cha chaneli 2. Baadaye tukapata kisanduku cha kuingizia sauti katika kompyuta chenye matundu 8 ya maikrofoni. Darasa la Tano la shule ya mazoezi lina watoto 45, nao hukaa vikundi 9 vya watoto watanotano. Ukitoa maikrofoni ya mwalimu na moja ya kunasa hewa ya darasa zima, zilibaki 6 kwa vikundi 9. Basi vikundi 3 vilibaki bila maikrofoni katika kila kipindi, na wanachuo walipoachiwa kuchagua wenyewe, vilivyoachwa vilikuwa karibu daima vile vya nyuma. Sababu waliyoitoa ni kwamba kule nyuma hapazungumzwi cha maana. Sababu hiyo ndiyo iliyotusukuma kuomba upanuzi.

Kwa upande wa ufundi, njia ya kwanza na rahisi ya kuongeza chaneli si kutupa chombo kilichopo. Visanduku vingi vya matundu 8 vina nyuma yake kitundu kidogo cha kupokea mwanga. Mtindo huo ulitokana na mashine iliyotangazwa na kampuni ya Alesis ya Marekani mwaka 1991, iliyoitwa ADAT, ambayo ilirekodi chaneli 8 katika kanda ya video. Mashine zenyewe zimekwisha kuwa vitu vya makumbusho, lakini waya wake wa mwanga umebaki, na waya mmoja mwembamba kuliko kalamu hupitisha chaneli 8. Hununuliwa kisanduku cha pili chenye vikuza sauti 8, waya ukachomekwa, na kompyuta ikaona chaneli 16. Kwa chuo chenye fedha kidogo hakuna njia ya nafuu kupita hii.

Hapo lakini pana mtego wa namba, ambao wauza vyombo hawana haraka ya kuufafanua. Sauti ya dijitali ni vipimo vinavyochukuliwa mara nyingi katika kila sekunde. Waya huo hupitisha chaneli 8 ikiwa vipimo ni 48,000 kwa sekunde. Mtu akivutiwa na tangazo linalosifu vipimo 96,000, akaweka hivyo, chaneli zake hushuka kutoka 8 hadi 4, kwa kuwa waya ni uleule na mzigo umeongezeka maradufu. Sisi tumeweka 48,000 na hatuna nia ya kupanda. Usemi wa mtoto wa Darasa la Tano hauhitaji zaidi ya hapo. Unachohitaji ni maikrofoni iwepo karibu naye. Kati ya chaneli 4 zenye sauti ya anasa na chaneli 8 zenye sauti safi ya kutosha, mwalimu achague 8 bila kusita.

Jambo la pili ni saa. Kila kisanduku cha dijitali kina saa yake ndani, inayokiambia lini kichukue kipimo. Fikiria shule yenye kengele mbili, moja ikigongwa na mwalimu wa zamu na nyingine ikigongwa na mwalimu wa michezo, kila mmoja akifuata saa yake ya mkononi. Asubuhi zitapatana; kufikia mchana watoto hawatajua waingie lini. Vivyo hivyo saa za visanduku viwili zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, kipindi cha dakika 40 kitakapokwisha zitakuwa zimeachana kwa sehemu 48 katika elfu ya sekunde. Na kama zimeunganishwa bila kupatanishwa, masikioni husikika milio kama ya vijiti vikavyo vikivunjwa. Dawa yake ni kuteua kisanduku kimoja kuwa chenye kengele na kukiamuru kingine kimfuate. Ni jambo la dakika moja katika kompyuta, na limepata kumaliza siku nzima ya fundi asiyelijua.

Njia ya pili ya kupanua, ambayo ndiyo tuliyoifikia, ni mtandao. Darasa la mazoezi liko umbali wa kama mita 80 kutoka studio. Kupeleka maikrofoni 16 kwa nyaya za kawaida kungetaka kamba nene ya nyaya 16, nzito na ya ghali, inayokusanya uvumi wa umeme njia nzima. Siku hizi sauti husafirishwa katika nyaya zilezile za mtandao wa kompyuta. Mtindo ulioenea zaidi ni Dante wa kampuni ya Audinate ya Australia; na tangu mwaka 2013 kuna kanuni ya pamoja iitwayo AES67, inayowezesha vyombo vya mitindo mbalimbali kuelewana. Visanduku hukaa darasani karibu na watoto, sauti hugeuzwa kuwa namba hapo hapo, na namba husafiri mpaka studio.

Hesabu yake yafaa kufanywa ubaoni, maana wanachuo wengi hudhani mtandao ndio utakaoshindwa. Vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 24, ni biti 1,152,000 kwa sekunde kwa chaneli moja. Chaneli 16 ni kama megabiti 18.4, bila kuhesabu bahasha zinazobeba namba hizo njiani. Swichi ya kawaida ya mtandao hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, na chombo kimoja cha Dante katika mtandao huo chaweza kupeleka hadi chaneli 512 na kupokea 512. Kwa maneno mengine, barabara ni pana kuliko magari tuliyo nayo. Tukitaka kuongeza kisanduku kingine, hatuchimbi mtaro mpya: tunakichomeka katika swichi, kisha katika kompyuta tunapanga nani ampelekee nani.

Yako masharti machache ambayo tungependa wenzetu wayashike. Waya wa shaba wa mtandao usizidi mita 100. Sauti ya namna hii isipitishwe hewani pasipo waya, kwa sababu mtandao wa hewani hukawia na kuharakisha bila mpango, na sauti haivumilii hilo. Swichi zenye tabia ya kulala ili kubana umeme zizimwe tabia hiyo, au zisinunuliwe. Kuna kipindi kizima cha mazoezi ambacho sauti yake ilikatikakatika kwa sababu hiyo tu. Na kwa mahali kama hapa petu, chini ya Uluguru, ambapo masika ya Machi hadi Mei huja na radi, nyumba mbili zisiunganishwe kwa waya wa shaba iwapo uwezo upo wa kutandika waya wa mwanga. Shaba hupokea mshindo wa radi katika jengo moja na kuupeleka katika jengo la pili. Kioo hakipitishi umeme. Gharama ya vigeuzi viwili vya mwanga ni ndogo ikilinganishwa na ya visanduku viwili vilivyoungua.

Paa la mabati lina sura yake peke yake katika elimu hii. Mvua ikinyesha darasani kwetu hakuna chaneli itakayookoa kipindi. Hata pasipo mvua, maikrofoni nyingi zilizofunguliwa pamoja huongeza makelele: kila idadi ya maikrofoni wazi inapoongezeka maradufu, makelele ya chumba katika mchanganyiko hupanda kwa desibeli 3. Kwa hiyo anayefungua zote 16 na kuzisikiliza kwa pamoja atapata dimbwi baya kuliko lile la maikrofoni moja. Chaneli nyingi zina faida pale tu zinaposikilizwa moja moja. Hili ni jepesi kulisema na gumu kulitekeleza, nasi tuombe radhi kwa kulikalia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ufundi unapoishia na kazi ya mwalimu inapoanza.

Kipindi cha dakika 40 kikirekodiwa kwa chaneli 12 (vikundi 9, mwalimu, na maikrofoni 2 za hewa ya darasa; 4 tunaziweka akiba kwa kwaya na kwa zitakazoharibika) hujaza kama gigabaiti 4.1. Hiyo si kitu. Hutosha katika kidude kinachoning'inizwa kwenye funguo. Lakini dakika 40 mara 12 ni saa 8 za kusikiliza. Hakuna mkufunzi mwenye saa 8 kwa kipindi kimoja cha mwanachuo mmoja. Kamati ya fedha iliiona hoja hii upesi, na mjumbe mmoja akasema kwamba tunaomba kununua masikio ambayo hayapo. Alikuwa na haki kabisa. Masikio yaliyokuwapo chuoni yalikuwa ya wanachuo wenyewe, na jibu letu lilikuwa kuyatumia hayo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Baada ya kipindi cha mazoezi, kila mwanachuo katika kundi la watu 9 hupewa chaneli moja ya kikundi kimoja cha watoto, na hedifoni. Husikiliza dakika 40 zote, hata zile ambazo watoto wako kimya au wanagombea kifutio. Huandika yaliyosemwa, kwa maneno ya watoto wenyewe, bila kusahihisha Kiswahili chao. Mwanachuo aliyefundisha hapewi chaneli yake. Hupewa ya kikundi kilichokuwa mbali naye kuliko vyote. Kesho yake huketi pamoja, na kila mmoja husoma alichosikia katika dakika ileile ya kipindi. Kwa kuwa chaneli zote zinafuata saa moja, dakika ya 17 ya kikundi cha kwanza ndiyo dakika ya 17 ya kikundi cha tisa, na darasa zima laweza kuwekwa mezani kama ramani.

Tutoe mfano mmoja. Kijana mmoja alifundisha kulinganisha sehemu: ipi kubwa, theluthi mbili au robo tatu? Kwa chaneli ya mwalimu peke yake kipindi kilikwenda vizuri. Alieleza kutafuta kigawe kidogo cha shirika cha asili 3 na 4, akapata 12, akageuza sehemu zikawa 8 kwa 12 na 9 kwa 12, akavipa vikundi kazi, akazunguka akisahihisha. Sauti yake ilitosha, maswali yalikuwa wazi, watoto wa mbele walijibu. Kwa fomu ya tathmini tuliyo nayo kipindi hicho kilistahili alama za juu.

Chaneli ya 7 ilikuwa ya kikundi cha dirishani, nyuma. Katika dakika ya 23 asikika mtoto wa kike akiwaeleza wenzake habari ya shamba la maharage. Ukilima theluthi mbili, asema, imebaki theluthi moja hujalima. Ukilima robo tatu, imebaki robo. Robo ni ndogo kuliko theluthi. Basi aliyebakiza kidogo ndiye aliyelima kubwa. Mwenzake wa kiume ampinga, naye arudia maneno yake, safari hii nusu kwa Kiluguru, mpaka yule mwenzake asema ameelewa. Kisha wasikika wakihangaika na kigawe kidogo cha shirika, wajumlisha 3 na 4, wapata 7, waandika 7. Katika dakika ya 29 sauti ya mwalimu yakaribia, kubwa, ya haraka: kigawe si 7, rudieni. Kalamu yasikika ikichora alama ya kosa. Mtoto wa kike hasikiki tena mpaka kipindi kinakwisha.

Hoja ya mtoto huyo ni sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu mzoefu wa hisabati angemwita mbele aieleze kwa darasa zima, kisha angemwonyesha kwamba kigawe cha shirika ni njia ya kuifanya hoja hiyohiyo pale ambapo mabaki hayalinganishiki kwa urahisi, kama katika tatu kwa tano na tano kwa nane. Kikundi hicho kilikuwa kimekwisha kulifahamu somo. Kilichokosa ni desturi ya kuliandika. Kijana aliyefundisha, aliyepewa chaneli hiyo kwa sababu ndicho kikundi kilichokuwa mbali naye, aliisikiliza dakika ya 23 mara nne. Hakuna mkufunzi aliyelazimika kumwambia lolote. Aliomba kurudi katika Darasa la Tano Jumatatu iliyofuata, nje ya ratiba, na akaanza kipindi kwa shamba la maharage.

Hatudai kwamba kila chaneli ina lulu. Nyingi zina habari za mpira, na chaneli ya 4 katika kipindi hicho ilikuwa karibu yote ni ugomvi wa rula. Lakini hata ugomvi wa rula ni taarifa: watoto watano, rula moja, dakika 11.

Lugha ililetwa na chaneli pasipo sisi kuitafuta. Shule ya mazoezi hupokea watoto wa mjini na watoto wa familia zilizoshuka kutoka Matombo, Mkuyuni na Kinole. Mbele ya mwalimu wote husema Kiswahili. Kikundini baadhi huvuka kwenda Kiluguru pale hoja inapokuwa ngumu, kisha hurudi. Mwanachuo aliyetoka Kagera aliandika katika karatasi yake kwamba watoto "walinyamaza" kwa dakika 2. Mwenzake Mluguru alipopewa chaneli hiyohiyo alijaza ukurasa. Tangu hapo chaneli za vikundi vya namna hiyo hupewa watu wawili pamoja, mmoja anayeijua lugha na mmoja asiyeijua. Wa pili hujifunza zaidi.

Yapo mambo ya heshima ambayo hayawezi kuachwa. Maikrofoni katikati ya meza ya watoto ni sikio la mtu mzima mahali ambapo watoto wamezoea kuwa peke yao. Mwalimu Mkuu wa shule ya mazoezi aliridhia kwa masharti, na wazazi waliitwa, wakaonyeshwa studio, wakaulizwa. Watoto wenyewe huambiwa kila mara kwamba chombo kinasikia. Majina hayaandikwi, huandikwa namba. Na mwisho wa muhula sauti zote hufutwa, isipokuwa zile ambazo mzazi amekubali zitumike kufundishia. Watoto, kwa kweli, husahau maikrofoni kufikia kipindi cha tatu. Hilo hurahisisha kazi, na ndiyo sababu ya kuwakumbusha.

Baadhi ya wenzetu wamesema kwamba mkufunzi mzuri hana haja na nyaya. Angezunguka darasani na kuinama kwenye vikundi, angesikia yote hayo. Twaheshimu wazo hilo, maana ndiyo mbinu ya kwanza na ya kudumu. Lakini mtu mzima akiinama juu ya kikundi, kikundi hubadili mazungumzo. Yule mtoto wa chaneli ya 7 alinyamaza pale alipofika mwalimu. Na mtu mmoja hawezi kuinama mahali 9 katika dakika moja.

Neno kuhusu shule zisizo na studio. Mazoezi ya kufundisha huwapeleka vijana wetu mpaka Nyandira na Tchenzema, mahali ambapo mtandao wa darasani ni ndoto hata kama minara ya mawasiliano inaonekana vizuri juu ya kilele cha Bondwa. Huko huenda na kinasa sauti cha mkononi cha betri, chenye chaneli 4, na maikrofoni za waya mrefu. Kanuni tuliyowapa ni kwamba asirekodiwe mwalimu. Chaneli zote 4 ziende kwenye vikundi, na vikundi vyenyewe vichaguliwe kwa kura ya vipande vya karatasi, ili wa nyuma wawe na bahati sawa na wa mbele. Simu ya kawaida ikiwekwa mezani kwa kikundi kimoja nayo hufaa, mradi mwanachuo azime kwanza mawasiliano yake isipokee wito. Mzigo wote huingia katika mkoba mmoja, na bodaboda hupanda nao.

Kamati ya fedha imekutana tena mwezi uliopita. Tuliulizwa kama tunataka kupanua hadi chaneli 32, kwa kuwa mtandao unaruhusu. Tumeomba hedifoni 6, na saa 2 zaidi za studio siku ya Jumatano alasiri.